Usiilazimishe neva ikutane

Wanaoanza kujifunza kushona neva za panya huniuliza kwanza kuhusu fundo. Mimi huwaambia waangalie rangi. Ukiikata neva ya siatiki, ile neva kubwa ya mguu, pale katikati ya paja, ncha zake hujikunja na kurudi nyuma papo hapo, na nyama laini ya ndani huchomoza ukingoni kama uyoga. Ndipo mkono unapotamani kuzivuta. Mwaka 1973 watafiti Lundborg na Rydevik walionyesha kwa sungura kwamba neva ikinyooshwa kiasi cha asilimia 8, damu huanza kukwama kwenye vena ndogo. Ikifika 15, mzunguko wote husimama. Chini ya hadubini utaiona inavyopauka.

Ndiyo maana nashikilia uzi wa upasuaji wa saizi 10-0, mwembamba kuliko unywele. Ukikatika kabla ncha hazijagusana, neva inavutwa mno; usitafute uzi mnene. Pandikiza kipande cha neva, au weka bomba la kuunganishia kama pengo ni dogo. Fuata vimishipa vya damu vilivyo juu ya ganda la neva, vya upande huu vielekeane na vya upande ule, mafungu ya ndani yasije yakapishana. Mishono michache yatosha, maana kila uzi huacha kovu lake.

Kinachonipa matumaini makubwa zaidi ni kuichochea neva kwa umeme. Kazi ya Al-Majed, Gordon na wenzao ya mwaka 2000, kwenye neva ya femora (ya paja) ya panya, bado inanisisimua: niuroni za mwendo, yaani seli za neva zinazoendesha misuli, zilizohitaji wiki 8 hadi 10 ili zote zikuze aksoni (nyuzi zao ndefu) umbali wa milimita 25, zilimaliza kwa wiki 3 baada ya saa 1 tu ya umeme wa hezi 20. Aksoni hazikuongeza mwendo. Ziliwahi kuvuka mshono.

Lakini panya hupona vizuri mno, na safari yake ni fupi. Kwa binadamu aksoni hukua karibu milimita 1 kwa siku, na kutoka begani hadi kiganjani seli za Schwann, zinazozizunguka na kuzisaidia aksoni kukua, huchoka kusubiri. Kwa hiyo picha nzuri ya hadubini hainitoshi. Nataka nyayo za panya: je, vidole vinatanuka anapokanyaga?

Vidole hivyo pia hukaguliwa kila siku, pamoja na dawa ya maumivu, kwa sababu panya mwenye mguu uliokufa ganzi huweza kuutafuna. Akizidi kujijeruhi, anatolewa kwenye utafiti siku hiyo hiyo, hata kama tulihitaji matokeo yake.