Kibodi ya laptopu ikigoma baada ya mashine kulala: ninavyoitatua

Kibodi ikigoma kila laptopu inapoamka usingizini, halafu ikafanya kazi ukiwasha upya, usikimbilie kununua nyingine. Kibodi iliyokufa haifufuliwi na kuwasha upya.

Mimi huanzia BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya mashine unaofunguka kabla ya Windows. Nazima, nawasha, nabonyeza F2 au Delete (inategemea mashine), kisha najaribu vishale. Vikiitika, kibodi na mkanda wake wa waya ni vizima; mkorofi yuko ndani ya Windows. Visipoitika, nazima mashine, nachomoa chaja na kila kilichochomekwa, kisha nashikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Chipu inayosimamia kibodi huendelea kunyonya umeme wa betri hata mashine ikiwa imezimwa, kwa hiyo ikikwama, kuzima kwa kawaida hakuigusi.

Ndani ya Windows natumia kibodi ya USB, au ile ya kwenye skrini: ipo hata kwenye ukurasa wa nenosiri, ukibofya alama ya ufikivu kona ya chini kulia.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni uwashaji wa haraka (Fast Startup). Ukichagua kuzima, Windows haizimiki yote. Huhifadhi kiini chake pamoja na draiva (programu zinazoendesha vifaa kama kibodi) kwenye faili la hiberfil.sys, kisha hukirudisha kilivyokuwa. Draiva iliyokwama jana inaamka leo ikiwa imekwama vilevile. Kuwasha upya hakupitii njia hiyo, ndiyo maana huponya. Ili kuhakikisha, fungua dirisha la amri na uandike shutdown /s /t 0, ambayo huzima kikamilifu. Kibodi ikirudi salama, endesha powercfg /h off kwa mamlaka ya msimamizi. Amri hiyo inaondoa pia hali ya kulala kwa kuhifadhi kazi kwenye diski. Ukihitaji hali hiyo, usitumie amri hii; bonyeza Windows+R, andika powercfg.cpl, nenda kwenye kazi za vitufe vya kuwashia, utoe tiki ya uwashaji wa haraka pekee.

Halafu nafungua kidhibiti cha vifaa kwa kuandika devmgmt.msc pale pale kwenye Windows+R. Hapa wengi hupoteza saa nzima wakitafuta tiki inayoruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa umeme. Kibodi nyingi za ndani zimeungwa kwa PS/2 (njia ya zamani ya kuunga kibodi, si USB), na tiki hiyo ama haipo ama imefifia. Kwa hizo nafuta kifaa chenyewe kwenye orodha na kuwasha upya. Windows hukisakinisha tena. Kama kibodi ni ya USB, tiki ya kutoa iko kwenye sifa za kitovu cha USB (USB Root Hub), na kama vitovu ni vitatu, toa kwenye vyote.

Kwenye mpango wa umeme zima pia usitishaji teule wa USB (USB selective suspend), unaozima vifaa vya USB visivyotumika ili kuokoa umeme. Kuna mistari miwili, wa betri na wa chaja. Ukibadilisha wa chaja tu, kibodi itakuwa nzima mezani na kugoma safarini. Mashine zenye usingizi wa kisasa (Modern Standby) mara nyingi huuficha mpangilio huu. Powercfg /a itakuonyesha kama yako ni S3 (usingizi wa zamani) au S0 (wa kisasa).

Kuna visa viwili vinavyofanana na hivi lakini havihusiani na umeme. Ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, Windows huuliza kama iwashe Filter Keys; ukikubali, huanza kupuuza mibonyezo mifupi na kibodi huonekana imekufa. Na vitufe vikigoma katikati huku padi ya kugusa ikiinuka, betri imevimba: zima, usichaji tena, iondolewe na fundi.