Siku moja nyuma ya kaunta ya dawa za kilimo, Ilula

Hapa Ilula, wilayani Kilolo, nyanya ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo mahari. Mimi nauza pembejeo kando ya barabara kuu ya Iringa kwenda Morogoro. Watu wanadhani kazi yangu ni kupokea hela na kutoa chupa, kwa hiyo naandika siku moja ilivyokwenda, msimu huu huu ambao nyanya ziko shambani na kila mkulima roho iko juu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nafungua. Nafagia, nakagua kama kuna chupa iliyovuja usiku, natoa magunia ya mbolea mlangoni. Salamu ya kwetu, kamwene, kwa mama lishe wa jirani, chai ya rangi na chapati, kazi inaanza.

Saa moja hadi saa tatu ni mbegu, mbolea ya kukuzia, nozeli za mabomba. Mama mmoja anataka nimpimie dawa kwenye chupa ya soda kwa sababu hela yake haitoshi chupa nzima. Nakataa, ananuna, anaondoka. Chupa ya soda nyumbani kwenye watoto ni msiba unaosubiri siku.

Saa tatu na nusu akaingia mzee mmoja wa milimani, viatu vina udongo mbichi.

"Shikamoo baba."

Hakuitikia. Akaweka chupa tupu juu ya kaunta kwa kishindo. "Dawa zenu feki. Mnatumaliza." Duka lilikuwa limejaa, wote wakageuka.

Nikamwomba majani. Alikuwa nayo kwenye mfuko wa rambo. Nililiinua moja juani: michirizi myeupe, na ndani yake kiwavi mzima, anatembea. Kantangaze. Mdudu huyu asili yake ni Amerika Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, na kufikia 2014 alikuwa ameshaingia Tanzania. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hata 260, na kukiwa na joto, yai linakuwa nondo ndani ya mwezi mmoja hivi.

Nikamuuliza amepiga nini. Akataja dawa tatu. Nikazishusha zote kwenye rafu, nikamsomea maandishi madogo ya nyuma. Majina matatu, rangi tatu za chupa, lakini zote jamii moja, pairethroidi. Alipoona viwavi hawafi alitoka kifuniko kimoja kwa bomba, akaenda viwili, akafika vitatu.

"Wameizoea," akasema. "Kama mlevi na pombe. Ndiyo maana nimeongeza."

Hapo ndipo muda wangu unapoishia kila siku, na sioni haya kusema kwamba ndiyo sehemu ya kazi ninayojivunia. Hata wasomi wanaamini hivyo: mdudu anapigwa dawa, mwili wake unaikomalia, kisha anawarithisha watoto ule ukomavu. Sivyo. Kiwavi aliyepigwa dawa ama anakufa, ama anapona. Aliyekufa hakupata nafasi ya kuzoea chochote. Aliyepona, mara nyingi alizaliwa na tofauti ndogo mwilini, tofauti ambayo kabla ya dawa haikumsaidia kitu. Tuseme shamba lina viwavi elfu kumi, na kati yao watano tu wana tofauti hiyo. Piga dawa: wanabaki hao watano, na ndio watakaozaa kizazi kinachofuata. Rudia dawa ileile, na baada ya vizazi vichache shamba zima ni wajukuu wao. Hakuna kiwavi hata mmoja aliyebadilika katika maisha yake. Kilichobadilika ni mchanganyiko wa waliomo shambani.

"Sasa wewe ulijuaje kwamba hao watano walikuwepo tangu mwanzo?" mzee akauliza. Swali zuri kuliko yote niliyosikia wiki hiyo.

Kabla sijajibu, kijana wa chuo cha kilimo aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo akadakia kwamba dawa yenyewe ndiyo inayowageuza. Nikawaeleza wote wawili. Mwaka 1952 huko Marekani, Joshua Lederberg na mkewe Esther walikuza bakteria kwenye sahani isiyo na dawa. Wakagandamiza kitambaa cha mahameli juu yake, wakakigusisha kwenye sahani nyingine zenye dawa, kila bakteria akitua mahali palepale alipokuwa kwenye sahani ya kwanza. Waliopona walitokea sehemu zilezile katika kila sahani. Waliporudi sahani ya kwanza na kuchota sehemu hizo, walikuta bakteria ambao hawajawahi kukutana na dawa, nao dawa haikuwafanya kitu. Walikuwepo kabla. Dawa haikuwaumba, iliwachagua.

"Kumbe ni mageuzi," kijana akasema. "Yale ya nyani kuwa mtu." Watu wakacheka, mzee akakasirika: yeye ameleta habari za nyanya, si nyani. Lakini kijana alikuwa amegusa jambo lenyewe, ila alilishika vibaya. Hakuna nyani wa leo aliyegeuka mtu. Sisi na sokwe tuna wahenga wa pamoja walioishi mamilioni ya miaka iliyopita. Na mageuzi hayakuishia kwenye zana za mawe za watu wa kale kule Isimila tunakopelekwa na shule. Yapo kwenye nyanya za huyu mzee, mwezi kwa mwezi.

Mzee akauliza kama dawa ile basi imekufa moja kwa moja. Nikamwambia si lazima. Majirani zetu wa Malawi waliacha klorokwini, dawa ya malaria, mwaka 1993, sisi tukaiacha 2001. Ilipojaribiwa tena Blantyre mwaka 2005, ilitibu karibu wagonjwa wote. Dawa ilipoondoka, vimelea sugu vilipoteza faida yao, vile vya kawaida vikarudi kutawala. Usugu si ngazi ya kupanda juu tu. Kwa wadudu siwezi kumwahidi mtu hivyo, ila kuipumzisha jamii moja na kutumia nyingine ndiyo njia tuliyo nayo, pamoja na mitego ya nondo na kuchoma majani yaliyoliwa.

Ilikuwa imepita saa sita. Chakula nilikula nimesimama. Mchana sikumbuki vizuri: kichwa kinauma kwa harufu, lori la mbolea limechelewa, miguu imevimba, na kila wa tatu anataka "ile kali zaidi".

Mzee alirudi jioni. Alinunua mitego miwili, dawa akasema atafikiri. Nikamwandikia kwenye karatasi jina la kiambato asichorudia na kingine cha kuulizia, ili hata akienda duka lingine asipewe rangi mpya ya kitu kilekile. Safari hii alisema, "Ahsante binti."

Giza limeingia, bosi akapiga simu. Kwa nini pairethroidi haijatoka leo? Nikamweleza. Akasema biashara ni biashara. Nikamwomba aongeze dawa za kundi la 28, jamii tofauti na pairethroidi, kwenye oda ya Jumatatu, na mitego zaidi. Mitego alikubali. Za kundi la 28 amesema ni ghali, nitamkumbusha kesho asubuhi.