Pishi ya Mfuto

Nilipokuwa darasa la saba, mwaka 1989, katika skuli iliyokuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kijijini kwetu, kaskazini ya Pemba, mwalimu wetu wa Kiswahili alituzoesha kuweka daftari la msamiati. Kila wiki alitupa maneno ya kuelezea tabia za watu: uadilifu, muruwa, staha, ukinaifu, ustahamilivu. Nikiyaandika kwa wino wa buluu, kila neno na maana yake ubavuni, na neno likishaingia daftarini nililihesabu kuwa ni langu. Insha yangu juu ya uadilifu ilisomwa mbele ya darasa zima, nami nilirudi nyumbani na furaha hiyo wiki ile ile ambayo babu alinikabidhi pishi, kopo la kupimia karafuu.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Wachumaji walishuka mashambani alasiri, wakakaa uani kwetu kuchambua: mtu hushika kishada kwa mkono mmoja, akakisokota kwenye kiganja cha pili, zile karafuu zikadondoka jamvini na makonyo yakabaki mkononi. Makonyo nayo hayakutupwa, kwani yalikuwa na soko lake kwenye kiwanda cha Wawi, yakakamuliwa mafuta. Kufika magharibi viganja vya watu wote vilikuwa vyeusi kwa utomvu, na ua mzima ulinukia kiasi cha kuwasha pua. Kisha karafuu zilipimwa, kwa kuwa mchumaji hulipwa kwa pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Macho ya babu yalikwisha kuingia ukungu, ndiyo maana kazi ya kupima akanipa mimi.

Hakuna aliyenituma kufanya nilichokifanya. Nilidhani namsaidia babu. Nilijaza pishi, nikaitikisa mpaka karafuu zikashikana, nikazishindilia kwa kiganja, kisha nikaongeza juu mpaka ikafanya kilele. Mama mmoja wa makamo, aliyekuja kuchuma na binti yake, alitazama karafuu zake zikiishia pishi nne na kibaba kimoja. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Mwanangu, pishi ya leo ina kina."

Babu alikuwa amekaa kizingitini, akasikia. Akanyanyuka, akaja pole pole, akasema, "Hebu nipe mimi nipime, mikono yangu imekufa ganzi kwa kukaa bure." Akazimimina upya jamvini, akajaza bila ya kutikisa, na kila pishi akaipitishia kijiti ukingoni ili iwe ya mfuto, ujazo sawasawa na mdomo wake. Zilitoka pishi tano na kibaba. Yule mama akalipwa, akaaga kwa adabu, na hakuna mchumaji aliyeambiwa kuwa mjukuu wa mwenye shamba alikuwa akiwapunja.

Baada ya sala ya Isha aliniita barazani.

"Ulichofanya jioni si insafu," akaniambia.

Neno hilo halikuwemo katika daftari langu. Nilimwuliza maana yake, na babu, ambaye alisoma chuo cha Kurani tangu utoto na Kiarabu chake kilikuwa kizuri, akanieleza kwamba insafu na nusu zimetoka katika mzizi mmoja. Mwenye insafu, alisema, husimama katikati ya kitu, akachukua upande wake na kumwachia mwenzake upande wa mwenzake, hata kama mwenzake haoni. Nilihisi uso unaniwaka. Aibu ingekuwa ya watu kujua, na watu hawakujua. Kilichoniunguza kilikuwa haya, ambayo humpata mtu akiwa peke yake na nafsi yake. Maneno hayo mawili, aibu na haya, nilikuwa nimeyaandika mstari mmoja, kana kwamba lolote laweza kukaa pahala pa jingine.

Usiku ule, mbele ya kandili, nilipitia daftari lote. Bado naamini kwamba maneno ya tabia hayasomeki kama majina ya vyombo vya jikoni, na kwamba mwanafunzi anayepewa visawe vitupu amepewa makonyo bila ya karafuu. Mbele ya muruwa nilifuta maana ya mwalimu, nikaandika: babu kusingizia ganzi. Mbele ya staha nikaandika: pishi ya leo ina kina. Nikaongeza sitara, neno ambalo siku zote nililisikia katika dua na sikuwahi kujiuliza lina kazi gani duniani, nikakumbuka ule ua uliojaa watu na jinsi babu alivyonifunika. Uadilifu niliuacha bila ya maana. Sikuwa na cha kuandika.

Siku ya pili alasiri babu alinirudishia pishi bila ya kusema neno. Yule mama alipofika zamu yake alichuchumaa karibu, macho yake yakiwa kwenye mdomo wa kopo. Nilijaza taratibu, nikapitisha kijiti, nikamimina. Nikajaza tena. Zikatoka pishi sita, na juu yake ukabaki ukufi mmoja wa karafuu ambao haukutosha hata kibaba. Nilimwuliza angependa ufanyweje.

"Uweke, mwanangu," akajibu, huku akijifunga kanga yake kiunoni. "Kesho tutaujazia."

Nikautia ndani ya kifuu, nikauweka juu ya kiambaza, mbali na karafuu zetu.