Shingo ya mwanasesere ilinitesa wiki mbili, nikaja kuiweza hivi

Binti yangu ana miaka sita, na ule mdoli wake wa plastiki alikatika shingo. Kichwa kikawa chini ya kitanda, mwili umebaki na gauni lake, na mtoto kila usiku analia anataka alale naye. Nikasema basi nitamshonea mwingine mimi mwenyewe, cherehani ninayo na hapa Walukuba, mjini Jinja, Uganda, mafundi wa nguo wanatupa vipande vya vitambaa kila siku, nikajua ni kazi ya jioni moja tu.

Wa kwanza nilimjaza pamba ya mto. Akiwa amelala alipendeza sana lakini ukimkalisha kichwa kinaanguka kifuani, nikakaza uzi shingoni, sasa kikawa kinaanguka mgongoni. Wa pili nikamtia kijiti cha mishikaki ndani, asubuhi nikakuta ncha imetoboa kitambaa imetokea utosini, nikaogopa kabisa, mtoto anaweza kujichoma jicho. Nikakitoa hapohapo. Wa tatu nikamfunga shingo kwa kitambaa cha jinzi, akakaa vizuri siku mbili halafu yakawa yaleyale.

Usiku mtoto akilala nikawa naingia kwenye simu kuangalia watu wengine hii shingo wanaifanyaje, na kweli niliona mengi. Kule Ujerumani miaka ya 1800 walikua wanatengeneza kichwa cha kauri kikiwa kimoja na mabega, pale chini ya mabega wanaacha vitundu vya kupitisha uzi, wanashonea kwenye mwili wa kitambaa au ngozi. Yaani uzito wa kichwa unakaa mabegani, shingo haibebi kitu. Wajapani wa Naruko kwenye wanasesere wao wa mbao wanaoitwa kokeshi, hawana mikono wala miguu, kichwa wanakisukumiza ndani ya mwili wakati mashine ya kukereza bado inazunguka, kinanasa moja kwa moja na ukikizungusha kinalia kwi kwi. Matryoshka, mwanasesere wa mbao wa Urusi, ndio hana hata shingo ya kuunga, yeye anafungukia tumboni, na yule wa kwanza kabisa wa miaka ya 1890 alikua na wenzake ndani wote jumla wanane, wa nje msichana mwenye jogoo mweusi mkononi na mwisho kabisa kitoto kichanga.

Lakini waliogusa moyo wangu ni wawili. Mmoja ni akuaba wa Waasante wa Ghana, kichwa kikubwa bapa cha duara kama sahani na shingo yenye mikunjo mikunjo, maana kwao mikunjo ya shingo ni uzuri na afya. Jina maana yake mtoto wa Akua, wanasema Akua alikua hapati mtoto akaambiwa achongeshe mtoto wa mti ambebe mgongoni, watu wakamcheka mpaka siku alipojifungua binti. Wa pili ni mwana hiti wa Wazaramo hapo pwani ya Tanzania, mwali akiwekwa ndani anapewa huyo awe mtoto wake, anamwogesha, anampaka mafuta, anamtunza. Niliangalia picha zao muda mrefu sana. Mti mmoja, kuanzia kichwani mpaka chini, hakuna mahali pa kuunga. Kumbe mimi wiki mbili nahangaika kuunganisha kichwa wakati hata sikutakiwa kukikata.

Asubuhi nikaenda kwa jaja mmoja, yaani mzee, jirani yetu, nikamweleza. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, kwani wewe utotoni hukuwahi kubeba mtoto wa byayi?" Nilikua nimesahau kabisa! Byayi ni yale maganda makavu ya shina la mgomba, hapa Uganda tumefungia nayo kila kitu na watoto wanatengenezea mipira. Akanionyesha. Unachana vipande virefu, unanyunyizia maji kidogo na kuvifunga kwenye kitambaa kibichi mpaka vilainike, vikiwa vikavu vinakatika na ukizidisha maji vitaota ukungu ndani. Unashika fungu la kujaa ngumi, urefu kama shubiri tatu, unalifunga kwa nguvu sana katikati. Halafu, na hapa ndio penyewe, ule upande wa juu wote unaukunjia chini kuzunguka lile fundo kama unavyomenya ndizi, fundo linabaki ndani linakua ndio kichwa, unafunga tena kamba chini yake. Hiyo ndio shingo. Nyuzi zilezile za kichwa ndizo zinashuka mpaka miguuni, kitaangukaje? Mikono unasuka kama nywele unapitisha katikati chini ya shingo, unafunga kiuno, kwisha.

Baadae nikaona watu wa Haudenosaunee kule Amerika ya Kaskazini wanafanya karibu vilevile kwa maganda ya mahindi, na wao hawamwekei uso. Wanasema mwanasesere wa kwanza alikua na uso, akaringia uzuri wake akitazama sura yake majini, akanyang'anywa. Binti yangu nilipomwambia akafikiri, akasema wa kwake hajaringa, awekewe. Nikamshonea macho kwa uzi mweusi na mdomo kwa mwekundu, gauni nikakata kipande cha lubugo, kile kitambaa cha magome ya mti.

Anambeba mgongoni na leso yangu mpaka dukani. Jumapili nimetoka kanisani nakuta amemwogesha kwenye beseni, na sabuni, nikaogopa kazi yangu imeisha, tukamning'iniza kwenye kamba ya nguo kichwa chini pembeni ya yunifomu mpaka jioni. Gauni limejikunja kidogo. Shingo iko palepale.