Mi mwenyewe

Jamani kuna neno limeingia nyumbani kwangu tangu mwezi wa tano na halitoki, "mi mwenyewe". Kunawa mi mwenyewe, kuvaa viatu mi mwenyewe, kumimina chai mi mwenyewe (hapo tuligombana, chai ya moto bado ni yangu). Binti yangu ana miaka minne na nusu, namwita Bibi maana ana jina la mama mkwe, na ukaidi nahisi kauchukua humohumo.

Sasa nyie wa Dar habari ya sweta hamuwezi kuielewa. Mbeya hapa tuko juu bwana, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna siku unafungua mlango mlima Loleza huuoni kwa ukungu, ukiongea moshi unatoka mdomoni, kwa hiyo mtoto haendi chekechea bila sweta na sweta yake ina vifungo vitano. Vitano! Mi navifunga kabla hujamaliza kusema shikamoo. Yeye anakaa kwenye kigoda, ulimi umetoka pembeni, anashika kifungo kwa vidole viwili anakisukuma kwenye tundu, kinateleza, anashusha pumzi kama mzee, anaanza tena. Nje bajaji inapiga honi. Mi nimesimama na mkoba begani, mikono nimeibana kwapani, wala siyo baridi, ni ili isiende kumsaidia, maana siku niliyomsaidia alivifungua vyote akaanza upya na tukachelewa mara mbili.

Mwanzoni alikuwa anaruka kimoja, sweta upande huu iko juu upande ule chini, namwacha anaenda hivohivo. Jirani akaniuliza siku hizi unalala sana eeh? Nikacheka tu. Halafu juzi Jumanne vikakaa vyote sawasawa, akasimama, akajitazama tumboni, akasema "ona". Basi, akabeba begi lake akatoka. Mwenzenu nilipiga kigelegele saa moja kasoro asubuhi hata aibu sikuona, nikampigia mama mkwe Tukuyu kumpa habari, akacheka weee, akasema ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa), halafu akauliza, kwani ulidhani utamfungia mpaka aolewe?

Sasa kilichonimaliza ni Jumamosi. Maharage yako jikoni, nyanya hakuna, Bibi akadaka, nitume mi. Genge liko nyumba ya nne toka kwetu na hakuna barabara ya magari ya kuvuka, msije mkanisema. Nikampa mia tano na kibakuli. Akatoka anatembea katikati ya njia kama mwenyekiti wa mtaa.

Na mi nikamfuata. Ndiyo, nilimfuata, nimejifunga kanga najibanza ukuta hadi ukuta kama mwizi wa kuku. Alisimama kuangalia bata wa watu mpaka nikataka kupiga kelele we mtoto nenda! Alimwamkia kila aliyempita, hadi kijana wa bodaboda, yule kijana akajishika kifua kwa kuitwa mzee. Alipofika gengeni akaanza mazungumzo marefu na mama muuzaji, mkono kiunoni, nikawa najiuliza wanajadili nini hawa, pesa kaangusha au vipi? Moyo unanidunda. Mara naona nyanya zinaingia kwenye kibakuli, kageuka, anarudi.

Kurudi hakurudi na njia aliyoendea. Akanikuta nyuma ya mparachichi.

"Mama, unafanya nini hapo?"

"Naangalia maparachichi."

Akainua kichwa akaangalia mti, akaniangalia mi. "Hayajakomaa," akasema, akapita na kibakuli chake kakishika kwa mikono miwili.

Nyumbani nikazihesabu. Fungu la mia tano pale ni nyanya tano, mle ndani zilikuwa sita. Nikajua kakosea, au kaiokota mahali, nikamuuliza hii ya sita imetoka wapi.

"Nyongeza. Nimemwambia, mama yangu huwa unampa."

Nilikuwa bado nacheka yeye ndo akasikia harufu. Maharage yameungua.