Boneti Iliyokataa Kufunga: Uzoefu Wangu na Lori la Mfano

Lori langu la tatu la mfano lilikuwa kichwa cha Kimarekani chenye boneti ndefu, kwa kipimo cha 1:25, na siku nilipoiweka kabini juu ya fremu kwa mara ya kwanza, bila gundi, boneti ilikataa kufunga. Upande wa kulia ilikaa vizuri, lakini upande wa kushoto ulibaki mwanya wa karibu milimita 2 kati ya ukingo wake na kabini. Milimita 2 ni kitu kidogo mpaka utakapozizidisha mara 25: hizo ni sentimita 5, na hakuna dereva ambaye angeingia barabarani na lori lililoachama kiasi hicho.

Nilifanya kosa ambalo nadhani wengi hulifanya. Nilichukua msasa nikaanza kuipunguza boneti upande ule wa kulia uliokuwa unagusa, nikiamini kwamba upande wa kushoto ungesogea karibu. Baada ya nusu saa nilikuwa na mianya miwili. Hapo ndipo nilipoweka msasa chini na kujiuliza swali nililopaswa kuanza nalo, yaani kama boneti ilikuwa na kosa lolote au ilikuwa imebebeshwa tu kosa la kipande kilichokuwa chini yake.

Niliitoa kabini, nikaiweka fremu pamoja na ekseli na magurudumu yake juu ya kipande cha kioo, kwa sababu meza ya mbao, hata ikionekana imenyooka, haiaminiki kwa kazi hii. Kisha nikachukua ukanda wa karatasi na kujaribu kuupitisha chini ya kila tairi. Ulikwama kwenye matairi yote isipokuwa la mbele kushoto, ambapo ulipita bila kuguswa. Fremu ilikuwa imejipinda kama kamba inayosokotwa, kwa kuwa nilikuwa nimegandisha mhimili mmoja, yaani boriti ndefu ya ubavuni mwa fremu, pamoja na mataruma yake yote, vile vipande vya kukingama, na kuuacha ukauke kabla ya kuufunga mhimili wa pili. Gundi ya plastiki haibandiki tu, bali huyeyusha nyuso mbili zikawa kitu kimoja, kwa hiyo kosa likishakauka huwa limekuwa sehemu ya lori.

Nilichokuwa nacho cha kunisaidia ni joto. Plastiki ya modeli hizi, polistirini, huanza kulegea inapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na maji ya moto yaliyo chini kidogo ya hapo huifanya ikubali kupindwa bila kuyeyuka. Niliondoa ekseli, nikaizamisha fremu kwenye maji ya moto kwa sekunde chache, nikaipinda kinyume na mpindo wake na kupitiliza kidogo, kwa sababu plastiki hurudi nyuma ikiachiwa, kisha nikaiingiza kwenye maji baridi huku nikiwa bado nimeishikilia. Ilinibidi nirudie mara tatu. Mara ya tatu karatasi ilikwama chini ya matairi yote, na nilipoirudisha kabini, mwanya wa kushoto ulikuwa umepungua ukabaki chini ya milimita 1.

Hata hivyo boneti bado ilikuwa imenyanyuka kidogo kwa nyuma, mithili ya sanduku lililofungwa juu ya nguo nyingi mno. Kitu fulani ndani kilikuwa kinaisukuma, na kwa kuwa huwezi kuchungulia ndani ya boneti iliyofungwa, nilipaka rangi ya maji, ikiwa bado mbichi, juu ya kila kitu kilichoweza kuigusa: mfuniko wa injini, kichujio cha hewa, ncha ya juu ya rejeta. Nilifunga boneti kwa upole, nikaifungua, nikaigeuza. Kulikuwa na mstari mmoja mwembamba wa rangi ndani yake, mahali pa rejeta. Kipande hicho kilikuwa kimekalia uvimbe wa gundi iliyozidi. Nilikichomoa, nikakwangua uvimbe kwa wembe, nikapunguza na miguu yake kwa tupa ndogo, na boneti ikashuka mahali pake.

Upande wa kulia niliokuwa nimeula kwa msasa niliujenga upya kwa ukanda wa plastiki wenye unene wa nusu milimita, nikauacha usiku kucha, nikasawazisha kwa msasa namba 400, kisha 600, na mwisho 1000 uliolowanishwa. Tangu hapo nina sharti moja: kila kipande kikubwa hujaribiwa bila gundi pamoja na kile kitakachokaa juu yake, na mihimili yote miwili ya fremu hufungwa kwa wakati mmoja juu ya kioo. Vipande vilivyopakwa kromu hukwanguliwa kwanza sehemu za kuunganishia, kwa sababu gundi ya plastiki haiipenyi kromu, na tangi la mafuta lililoonekana limeshika litakudondokea siku utakapolinyanyua lori.

Kazi ya mapambo ilikuwa ya raha zaidi, ingawa nayo ina hesabu yake. Mpira wa upepo wa breki wenye unene wa milimita 12 katika lori halisi unakuwa karibu nusu milimita katika kipimo cha 1:25, na waya wa shaba wa unene huo unatosha kabisa. Niliuzungusha kwenye kijiti cha chuma chenye kipenyo cha milimita 2, mizunguko ikigusana, nikauchomoa na kuuvuta kidogo tu ili ulegee kama unavyolegea mpira uliokwisha kazi. Mmoja niliupaka nyekundu na mwingine buluu, kwa kuwa katika malori ya Marekani mpira mwekundu ndio unaopeleka upepo wa akiba kwenye tela na wa buluu ndio unaobeba amri ya breki. Lingekuwa ni lori la Ulaya, ule wa pili ungekuwa wa njano. Ni jambo dogo, lakini anayeyajua malori huliangalia kabla ya kuangalia rangi ya kabini.

Kuhusu uchakavu, nilijifunza kuuliza uchafu umetoka wapi kabla ya kuupaka. Lori langu la kwanza nililipaka kutu kila mahali, hadi kwenye matangi ya alumini, ambayo hayapati kutu nyekundu hata yakae miaka mingapi. Safari hii niliweka kutu kidogo tu kwenye maungio ya fremu, masizi kwenye ncha za mabomba ya moshi, na doa jeusi linalong'aa kwenye sahani inayobeba tela, kwa sababu hapo grisi hukanyagwa kila siku. Vumbi lilitokana na chaki iliyosagwa, na nililipaka kwa brashi kavu, zito nyuma ya magurudumu na jepesi kadiri linavyopanda.

Kioo cha mbele kilinichukua jioni nzima. Nilikata karatasi ya kubandika katika umbo la pepeo ambalo waipa huchora zinapofagia, nikazibandika karatasi mbili kwenye kioo, nikakipaka vumbi chote, kisha nikazibandua taratibu kwa kibanio. Ya kushoto ilitoka safi. Ya kulia iliacha ukingo uliochubuka, na nilipotaka kuurekebisha kwa pamba yenye maji nikafuta zaidi ya nilivyokusudia. Nilifikiria kuanza upya, halafu nikaona kwamba waipa yenye mpira uliochakaa hufagia hivyohivyo, nikaiacha, nikafunga boneti, ambayo sasa huingia mahali pake kwa kidole kimoja.