Mama Mkwe Ameshusha Sukari na Tortilla Hajaacha

Nimeolewa na Mmeksiko hapa San Antonio, Texas, na ushauri tuliopewa mwanzoni bado unaniudhi. Mama mkwe alikutwa na HbA1c, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili mitatu, ya asilimia 6.2, maana yake hajafika 6.5 ya kuitwa mgonjwa wa kisukari, lakini yuko njiani. Mtaalamu wa lishe akampa karatasi ya Kiingereza: ale kwinoa (nafaka ya kigeni kwake) na saladi, na tortilla, yaani chapati nyembamba za Kimeksiko, marufuku. Mama hasomi Kiingereza. Aliikunja akaitia kwenye mkoba, jioni akakanda unga wake.

Kumbe ukumbi wa kanisa la mtaani una darasa la Kihispania la mwaka mzima: punguza uzito asilimia 5 hadi 7, fanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Utafiti wa 2002 uliozaa mpango huo ulionyesha hatari ya kupata kisukari ikishuka kwa asilimia 58. Kwa vidonge vya metformini, dawa ya kushusha sukari, ilikuwa 31. Anayefundisha ni promotora, mama wa mtaa huohuo aliyepewa mafunzo, anayejua nani kafiwa na nani kakosa kazi.

Kumfikisha mama pale ndiko kulikonitoa jasho. Nilimtajia afya, akakataa. Nikamtajia daktari, akanuna kabisa. Basi nikamwendea promotora, nikamsihi aje nyumbani amwombe mama awafundishe wenzake kupika maharage. Loo! Mama akatafuta hereni zake. Akawachemshia maharage kwa kitunguu na majani ya epazote, bila mafuta ya nguruwe. Promotora akapakua mbele ya wote: nusu ya sahani nopales, yaani mpungate uliotolewa miiba, robo maharage, robo tortilla mbili ndogo za mahindi. Kisha akachota sukari iliyomo kwenye glasi moja ya horchata, kinywaji kitamu cha mchele, kijiko baada ya kijiko. Wanawake wakatazamana. Tangu siku hiyo mama hakukosa darasa.

Jua la Agosti huku halitembeleki, kwa hiyo dakika nyingi walizimaliza kwa kucheza kumbia ukumbini. Na mburute baba mkwe pia, maana yeye ndiye anayedai mafuta kwenye maharage.

Kipimo cha mwisho: 5.6! Sisi tulitoa petroli na mchango wa mboga tu. Mwenye mzazi anayetumia Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, aulize, tangu 2018 inalipia darasa la namna hii kwa wanaotimiza masharti.